Miji mitano ikawa miwili: uchambuzi wa kisa cha ziara ya wanafunzi Berlin na Kraków

Kuhusu kisa hiki

Shule moja ya sekondari ya Afrika Mashariki iliwapeleka wanafunzi wake wa historia, wenye umri wa miaka 16 hadi 18, kuzuru miji ya kale na maeneo ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia barani Ulaya. Jina la shule, mji ilipo na majina ya waliohusika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili mwanafunzi yeyote asitambulike. Nimekiandika baada ya kupitia kumbukumbu za kamati ya safari na shajara ambazo wanafunzi waliridhia zisomwe, na baada ya kuzungumza na walimu walioongoza msafara. Nimewalenga walimu na wazazi wanaofikiria safari ya namna hii, hasa wale ambao tayari wameshawekewa mezani ratiba iliyojaa majina ya miji.

Usuli

Ratiba ya kwanza ililetwa na wakala wa safari. Ilikuwa na miji mitano kwa siku kumi: Amsterdam, Berlin, Prague, Kraków na Vienna, yote ikiunganishwa kwa basi. Kwenye karatasi ilivutia, na wazazi wengi waliipenda kwa sababu gharama ikigawanywa kwa idadi ya miji ilionekana nafuu. Mwalimu wa historia aliyepewa kazi ya kuipitia alifanya jambo rahisi ambalo kamati haikuwa imelifanya: alijumlisha masafa. Kutoka Amsterdam hadi Vienna kwa njia hiyo ni takriban kilomita 2,000 za barabara, na hiyo ina maana kwamba wanafunzi wangeyaona mashamba ya pembezoni mwa barabara kuu kwa saa nyingi kuliko ambavyo wangeona kitu chochote walichokifuata.

Aligundua pia kwamba baadhi ya vituo vilivyoandikwa kwa herufi nzito havikuwa ziara kamili. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, alimojificha msichana huyo Myahudi wakati wa vita, ambayo tiketi zake huuzwa mtandaoni tu na hutolewa wiki sita kabla ya siku ya kuingia, ilikuwa kwenye ratiba kama mahali pa kutazamwa kwa nje. Auschwitz, kambi ambayo Wanazi waliitumia kuua watu kwa wingi, ilitengewa asubuhi moja, kisha mchana huohuo basi liondoke kuelekea Vienna, ambako jioni kulipangwa chakula chenye muziki.

Kamati ilibishana kwa vikao kadhaa. Hoja ya upande mmoja ilikuwa kwamba fursa kama hii huja mara moja kwa mtoto, hivyo aone mengi iwezekanavyo. Hoja ya mwalimu ilikuwa kwamba mtoto hawezi kutolewa kwenye vyumba vya gesi saa saba mchana akaketi kwenye karamu saa mbili usiku, na akikutwa anaweza, basi hakuna alichojifunza. Mwishowe ilibaki miji miwili tu. Berlin ilichaguliwa kwa sababu ndiko vita ilikopangwa na ndiko historia ya ukoloni wa Kijerumani katika Afrika Mashariki inakoweza kuguswa kwa mkono, na Kraków kwa sababu ya mji wake wa kale na ukaribu wake na Auschwitz, ulio kiasi cha kilomita 65 hivi. Wazazi wachache hawakufurahi, na mmoja alimwondoa mwanawe.

Maandalizi

Kwa kuwa kundi lingelala Berlin usiku mwingi zaidi kuliko Kraków, maombi ya viza yalipaswa kupelekwa Ujerumani, kwani kanuni za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, humtaka msafiri aombe katika nchi atakayokaa kwa muda mrefu zaidi. Maombi yanaweza kuwasilishwa hadi miezi sita kabla ya safari. Shule iliwasilisha ya kwake zikiwa zimesalia wiki chache, kwa sababu malipo ya wazazi yalichelewa na kamati haikutaka kuanza kabla kila mtu hajakamilisha. Uamuzi huo ulieleweka, lakini ndio uliokuja kuigharimu familia moja, kama itakavyoonekana.

Wakala alikuwa ameshajumlisha ada ya viza, euro 90 kwa kila mtu, katika bei ya safari. Mzazi mmoja mwenye mazoea ya kusoma maandishi madogo ndiye aliyeiambia kamati kwamba Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya inawasamehe ada hiyo wanafunzi na walimu wanaofuatana nao, ikiwa safari ni ya masomo. Kinachobaki kulipwa ni ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Ilihitajika barua ya mkuu wa shule inayoeleza madhumuni ya kimasomo, pamoja na ratiba inayoyathibitisha, na hapa ratiba iliyopunguzwa ilisaidia: ilisomeka kama ratiba ya darasa, si ya matembezi.

Upande wa masomo ulifanyika vizuri kuliko upande wa karatasi. Wiki kadhaa kabla ya kuondoka, wanafunzi walipelekwa Tengeru, karibu na Arusha, kwenye makaburi ya wakimbizi wa Kipoland. Hawa walikuwa watu waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki mwa Poland mwaka 1940 na 1941, wakaruhusiwa kutoka, wakapitia Uajemi, na kufikishwa Afrika Mashariki kuanzia 1942. Tengeru peke yake ilihifadhi takriban watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye shajara kwamba hadi siku ile aliamini kuwa mkimbizi ni mtu anayetoka Afrika kwenda kwingine. Sidhani kama kuna somo la darasani ambalo lingemfikisha hapo kwa haraka namna hiyo.

Kila mzazi alijaza fomu ya afya. Iliuliza kuhusu pumu, mzio, dawa na chakula. Haikuuliza chochote kuhusu historia ya familia wala kuhusu misiba.

Mfuatano wa matukio

Mwanafunzi mmoja alinyimwa viza. Wazazi wake wanaishi mbalimbali, baba akifanya kazi katika nchi ya Ghuba, na ridhaa ya baba ilikuwa imetumwa kwa simu kama picha isiyothibitishwa na wakili wala ubalozi. Fomu ya kukataliwa huwa na visanduku vya sababu vilivyowekewa alama, bila maelezo, hivyo kamati ilibaki kukisia kwamba tatizo ni hilo. Muda wa kuomba upya haukuwepo. Wengine waliondoka, na yeye akabaki.

Siku za kwanza Berlin zilipangwa kwa mpangilio wa miaka, si kwa ukaribu wa mitaa. Walianza Wilhelmstraße, mahali yalipokuwa makazi ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, na ulipofanyika mkutano wa kuigawa Afrika kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Leo jengo lenyewe halipo. Kuna kibao cha maelezo tu kando ya njia. Kisha wakaenda Wedding, kwenye Mtaa wa Kiafrika, ambako barabara iliyokuwa na jina linalomkumbusha mtu Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, iligawanywa Agosti 2024, sehemu yake moja ikapewa jina la Maji Maji. Baadaye wakatembea kwa miguu hadi mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, wenye nguzo 2,711 za zege, uliofunguliwa mwaka 2005 karibu na Lango la Brandenburg.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo walimu walilitarajia lakini hawakuwa wamekubaliana jinsi ya kulijibu. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini waliokufa katika vita vya Maji Maji, ambao makadirio mengine huwafikisha 300,000, wamepata kibao cha mtaa pembeni ya jiji baada ya karne nzima, ilhali wengine wana uwanja mzima katikati ya mji mkuu. Mwalimu mmoja alitaka kulizima, akihofia lingegeuka mashindano ya machungu. Kiongozi wa msafara aliamua liandikwe kwenye daftari la kundi na lisijibiwe siku hiyo.

Siku iliyofuata walisimama Brunnenstraße, mbele ya kijiwe cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi kilichopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mwaka 2007. Kijiwe hicho kinamkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na akiwa bado mdogo alitumika pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alifika Berlin mwaka 1929, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Alihudumu mezani kwenye mkahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Kijiwe kilikuwa kimefifia. Wasichana wawili walichuchumaa, wakamwagia maji ya kunywa kwenye leso na kukisugua mpaka herufi zikasomeka, huku wenye baiskeli wakiwapita kwa kengele.

Mchana wakapanda treni ya S1 hadi Oranienburg, na kutoka kituoni wakatembea kiasi cha dakika ishirini hadi Sachsenhausen, kambi iliyojengwa mwaka 1936 na ambamo watu zaidi ya 200,000 walifungwa hadi 1945. Mwongozaji wa eneo hilo alizungumza Kiingereza. Wanafunzi hawakumuuliza kuhusu idadi. Walimuuliza Mohamed alilala kwenye banda lipi.

Mazungumzo ya jioni yalikuwa yamepangwa kwa Kiswahili, ‘baada ya Magharibi’, kwa mazoea ya shuleni. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwanzoni mwa kiangazi jua la Berlin huzama saa tatu na nusu usiku. Kikao cha kwanza kilianza karibu saa nne, nusu ya wanafunzi wakiwa wanasinzia, na kuanzia siku ya pili kilisogezwa kabla ya chakula. Ni jambo dogo, lakini katika ratiba nzima hakuna kosa lililokuwa rahisi kulikwepa kuliko hili.

Safari ya treni kwenda Kraków ilimeza sehemu kubwa ya siku. Siku ya Auschwitz, mwanafunzi mmoja aliamka na homa, na mlezi wa tatu akabaki naye hosteli. Walimu wawili tu ndio walioenda na kundi. Jumba hilo la makumbusho haliwashauri watoto wa chini ya miaka 14 kuingia, na kila kundi hulazimika kuwa na mwongozaji. Ziara ya kawaida huchukua saa tatu na nusu kwa kambi ya kwanza na Birkenau, kambi ya pili ya Auschwitz, pamoja. Mwaka 2024 eneo hilo lilipokea wageni milioni 1.83, na katika miezi ya kiangazi makundi hufuatana kwenye korido nyembamba kiasi kwamba la nyuma humsikia mwongozaji wa la mbele.

Katika Jengo namba 4, mbele ya nywele za wanawake waliouawa, msichana mmoja alitoka kwenye mstari na kuketi chini kando ya ukuta. Mama yake ni mnusurika wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, na yeye mwenyewe alikuwa ameshafikishwa na familia katika kanisa la Nyamata, ambako nguo za waliouawa zimehifadhiwa juu ya viti. Mwalimu wa kike aliyekuwa nyuma alibaki naye, na mwenzake akaendelea peke yake na wanafunzi wote waliosalia. Walipofika nje, msichana alimweleza mwalimu kwamba hakushtushwa na nywele. Alichoshindwa kuvumilia ni watu kupita mbele yake bila kusimama, kwa sababu kundi la nyuma lilikuwa linasubiri nafasi.

Mwalimu alimpa hiari: kurudi Kraków kupumzika, kukaa kwenye kituo cha wageni, au kwenda Birkenau bila kulazimika kumfuata mwongozaji. Alichagua Birkenau. Wawili hao walitembea nyuma sana ya wenzao, kwenye reli na hadi kwenye magofu ya matanuri ambayo Wanazi waliyalipua Januari 1945 kabla Jeshi la Kisovieti halijafika tarehe 27.

Ndani ya basi la kurudi, wavulana wa viti vya nyuma walianza kutaniana, na kicheko kikaenea. Mwalimu wa kiume alishika kipaza sauti na kuwakemea mbele ya wote kwamba wameiaibisha shule na kuwadharau marehemu. Basi lilinyamaza mpaka Kraków. Baadaye ilijulikana kwamba aliyekuwa akicheka kuliko wote ndiye aliyekutwa na mwenzake akilia chooni kule Birkenau.

Kiongozi wa msafara alichukua maamuzi mawili usiku huo. Aliahirisha kikao cha jioni, na akafuta ziara ya asubuhi iliyofuata kwenye machimbo ya chumvi ya Wieliczka, ingawa fedha hazikurudishwa. Badala yake walikaa kwenye ukumbi wa chakula wa hosteli hadi karibu adhuhuri wakizungumza, kisha wakatembea pamoja hadi uwanja wa Plac Bohaterów Getta, wenye viti vya chuma vilivyo vitupu, mahali ambapo Wayahudi wa geto la Kraków, yaani mtaa waliofungiwa na Wanazi, walikusanywa hadi geto lenyewe lilipofutwa Machi 1943. Mwalimu wa basi aliwaomba radhi wavulana wale mbele ya wenzao. Daftari lilifunguliwa, na swali la Maji Maji likajadiliwa kwa zaidi ya saa nzima.

Matokeo

Wote waliosafiri walirudi salama. Insha walizoandika baadaye zilipishana sana kwa ubora, na tofauti hiyo inafundisha: zilizojaribu kueleza vifo milioni 1.1 vya Auschwitz zilijaa maneno makubwa, ilhali zilizomhusu Mohamed zilikuwa na tarehe, anwani, madai ya mshahara na sheria iliyotumika kumfunga. Si wazazi wote waliolalamikia kupunguzwa kwa miji waliobadili msimamo. Mama wa msichana aliyetoka kwenye mstari alikasirika, kwa haki kabisa, kwa kuwa habari zilimfikia kupitia kundi la WhatsApp la wazazi kabla mwalimu hajampigia simu.

Uchambuzi

Uamuzi uliobeba safari yote ni ule wa kuondoa miji mitatu. Thamani yake haikuonekana Berlin bali asubuhi ile tupu ya Kraków. Katika ratiba ya awali, kundi lingekuwa barabarani au Vienna wakati huo, na kicheko cha kwenye basi kingebaki kuwa utovu wa adabu ulioadhibiwa. Muda wa kukaa baada ya eneo kama Auschwitz ni sehemu ya ziara yenyewe, na unapaswa kuandikwa kwenye ratiba tangu mwanzo. Hapa ulipatikana kwa kupoteza fedha za Wieliczka, na kiongozi asingekuwa na ujasiri wa kuzipoteza, usingepatikana.

Karipio la kwenye basi lilitokana na nia njema na uelewa mdogo. Vijana wengi hucheka baada ya kubanwa kifua kwa saa nyingi, kama ambavyo watu hutaniana matangani kwetu bila mtu kuwaona wamemdharau marehemu. Mwalimu aliyekulia katika desturi hiyo alishindwa kuitambua kwa sababu alikuwa ugenini na macho ya wageni wengine yalimpa haya. Anastahili sifa kwa kuomba radhi hadharani. Nadhani ndiko kulikowafungua wavulana kuzungumza.

Kuhusu kuanza na ukoloni, nilikuwa na shaka niliposoma ratiba, na sehemu ya shaka hiyo bado ninayo. Ni kweli kwamba Tengeru na Brunnenstraße ziliwapa wanafunzi mlango wao wenyewe wa kuingilia historia ambayo wangeweza kuitazama kama msiba wa watu wengine. Lakini swali la nguzo na kibao lilionyesha jinsi mlango huo unavyoweza kuelekea kwenye mizani ya nani aliumia zaidi. Kuliandika bila kulijibu papo hapo lilikuwa jambo la busara, kwa sharti moja ambalo lilitimizwa kwa bahati: kwamba ungepatikana muda wa kulirudia. Kama Wieliczka isingefutwa, lingerudi nyumbani ndani ya daftari.

Fomu ya afya ndiyo kasoro nzito kuliko zote. Mama wa msichana alisema kwamba angeulizwa angeeleza, na bado angeridhia mwanawe aende. Swali lenyewe si gumu kuliandika: je, kuna jambo katika historia ya familia ambalo mwalimu anayemsimamia mwanao katika maeneo ya mauaji angepaswa kulijua? Kwa eneo hili la Afrika, ambako familia nyingi zina kumbukumbu za Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo, kutoliuliza ni uzembe. Idadi ya walezi nayo ilihesabiwa kana kwamba hakuna atakayeugua. Homa ya mtoto mmoja ilitosha kuwafanya wawe wawili, na dakika chache pale Jengo namba 4 zikamfanya abaki mmoja mwenye wanafunzi zaidi ya ishirini katika umati wa wageni. Fedha ambazo wakala alikuwa ametoza kimakosa kwa ada ya viza zingesaidia kumlipia mlezi wa nne.

Usumbufu wa viza ulitokana na kusubiri malipo ya wote kabla ya kuanza. Kila ombi husimama peke yake hata kundi likisafiri pamoja, kwa hiyo aliyekamilisha angeweza kuanza, na mwenye wazazi wanaoishi nchi mbili alipaswa kuwa wa kwanza kabisa kwenye foleni, akiwa na ridhaa iliyothibitishwa kisheria huko baba aliko. Kamati ilimrudishia mwanafunzi huyo gharama za malazi na za kuingia makumbusho. Nauli ya ndege haikurejeshwa na shirika, na kumbukumbu nilizopewa zinaishia kwenye kikao ambacho wajumbe waligawanyika kuhusu kama shule iilipe familia kutoka kwenye akiba yake au kila mzazi abebe hatari ya mwanawe.